Barua ya wazi kwa Waziri Mkuu wa Ubelgiji: msaada muweke pembeni kwanza, mutufungulie buku

Lubumbashi, Katuba

Kwa Mheshimiwa Waziri Mkuu wa Ufalme wa Ubelgiji,
Kwa Waheshimiwa wa parlema ku Brussels,
Kopi: kwa Mufalme Philippe, na kwa wakubwa wetu wa Kinshasa juu nao neno lao iko humu ndani.

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Lubumbashi, muji ya Mumbunda na Mampala, ile wazazi wenu walikuwa wanaita Élisabethville. Miye ni mwalimu wa hesabu ku sekondari moja hapa, si mutu wa politiki, sina chama, na sikupenda haya maneno yafike mbele ya watu wote. Kwetu mutu akiwa na deni yako unamufuata kwanza nyumbani, magaribi, polepole, ili majirani wasisikie. Nimefanya hivyo miaka 2, nimegonga mulango mara 3. Sasa naongea nikiwa barabarani.

Kambo yangu, baba wa mama, alifanya kazi ku fonderi ya shaba miaka 27, ku kompani moja ya wazungu ambayo jina yake naiacha. Aliingia kijana mwaka ya 1938, akatoka 1965 akiwa anakohoa. Kila mwaka munganga wa kompani alikuwa anamupiga picha ya kifua. Kambo alikuwa anatuelezea vile walikuwa wanapangwa mustari bila shati, baridi ya mwezi wa 6 inawapiga, na hakuna hata mwaka moja walimuonyesha ile picha ama kumuambia inasema nini. Alikufa 1983. Mama yangu naye alizaliwa mu kambi, na pale walikuwa wanamupima kilo kila wiki sawa mufuko ya bunga, wanaandika. Sasa mama ameanza kikohozi ile ile (hajafanya hata siku moja ku fonderi, aliishi tu chini ya moshi), na munganga wa hapa akaniuliza: huyo baba yake alikuwa na ugonjwa gani? Nikanyamaza. Jibu iko, iliandikwa tena na mutu mwenye masomo, lakini iko Ulaya.

Njo niliandika ku biro moja ya kule Brussels yenye kuchunga karatasi za wakati ya koloni. Barua ya kwanza ilijibiwa na mashini, "tumepokea". Ya pili ilinirudishia mistari 2 ya Kifaransa kizuri sana kwamba ombi yangu haiingii mu kazi yao, nijaribu Kinshasa. Kinshasa nikamutuma mujomba mwenye kuishi kule, muzee moja wa biro akamuchekea kwa upole akamuambia, "Papa, hizo karatasi zilipanda ndege mwaka ya 1960, zingine zilitangulia hata wazungu wenyewe." Barua ya tatu mpaka leo kimya.

Mheshimiwa, watu wanabishana sana hapa, ku redio, ku nganda, mu taksi basi, kama nchi zilizotutawala ziko na lazima ya kusaidia nchi zilizopata uhuru kisha zikashindwa kusimama. Wamoja wanasema ndiyo mpaka mwisho wa dunia, wengine wanasema tuache kulialia miaka 60 imepita. Miye nafundisha hesabu, na siwezi kumuambia mutoto nani anadai nani na ni ngapi wakati buku ya hesabu imefungiwa mu sanduku ya upande moja. Njo shida yangu yote hiyo. Naigawa mu sehemu 5.

1. Kwanza ile neno "msaada". Sisemi miradi yenu ni mibaya, watu wa Enabel, ile ajansi yenu ya koperasio, wanafanya kazi huku kwetu na iko vijana wamefundishwa ufundi, aksanti. Lakini msaada, mwenye kutoa njo anachagua ni ngapi, ni lini, na akikasirika anafunga mukono. Mwezi wa 5 mwaka ya 1990 askari waliingia usiku ku kampusi ya universite yetu hapa wakaua wanafunzi, na Ubelgiji ikasimamisha koperasio na Zaire. Sababu ilikuwa nzuri, miye mwenyewe nakubali. Ila aliyebaki bila mwalimu na bila dawa haikuwa Mobutu, yeye aliendelea kunywa shampanye yake. Deni haiko hivyo. Hata mutu unayemudai akikutukana, hata wewe mwenye kudai ukiwa mulevi, deni inabaki palepale ku buku. Kwa hiyo mukituambia kila siku "tunawasaidia", munatutoa mu mazungumuzo ya deni bila hata kusema neno moja ya uongo. Muko wajanja.

2. Buku ya franga. Mwaka ya 1908 Ubelgiji ilipochukua Kongo kutoka mukono ya Léopold II, mufalme aliwekewa franga milioni 50 za kumushukuru kwa kazi yake kubwa, na zile franga ziliandikwa ku mugongo ya koloni, si ku mugongo ya Ubelgiji. Maana yake sisi njo tulilipa aksanti ya mutu ambaye watu wake walikata mikono ya watu wetu. Nilipowaambia wanafunzi wangu hawakuamini, walifikiri nimekosea upande ya kuandika.

Ile ingine ni ya 1960. Comité Spécial du Katanga, komite ya koloni yenye kusimamia bulongo na migodi ya hapa, njo ilikuwa na kura mingi mu Union Minière, kompani kubwa ya shaba, na kwa uhuru hiyo nguvu ilikuwa ya kuangukia Leta (serikali) mupya ya Kongo. Tarehe 27 mwezi wa 6, siku 3 tu mbele ya uhuru, komite ikavunjwa na vitu vikagawanywa, na Kongo ikaamuka tarehe 30 na bendera na wimbo lakini bila nguvu ya kura mu kompani yenye kulisha nchi. Na kompani zingine mingi zilikuwa zimeisha kuhamisha makao Brussels. Ni sawa mutu anahama nyumba, anakupa ufunguo mbele ya watu, mupiga picha anapiga, kumbe usiku ameisha kung'oa mulango. Kisha wiki 2 hazijafika, tarehe 11 mwezi wa 7, Katanga ikajitenga, na sisi watoto wa hapa tunajua vizuri ile sesesio ilikuwa inakula ku sahani gani. 1965 Tshombe, yule wa sesesio, sasa akiwa Waziri Mkuu wa Kongo, akaenda Brussels wakapatana, Kongo ikabeba sehemu ya madeni ya koloni. 1967 Mobutu akachukua Union Minière ikawa Gécamines, na hapo tena Kongo ikalipa fidia. Sisemi kila mustari hapo ni wizi. Nasema: nionyeshe kolone ya kuingia na kolone ya kutoka, tujumlishe pamoja, mbele ya watu.

3. Buku ya bulongo. Hapa nitakawia kidogo, munisamehe. Shinkolobwe iko pembeni ya Likasi. Kutoka pale radiumu ilienda Olen kwenu tangu miaka ya 1920, kisha ikaja vita, na mukubwa wa Union Minière Edgar Sengier akawa ametuma mbele karibu tani 1,200 za mawe ya uraniumu mpaka New York, wakaziweka Staten Island, Waamerika walipokuja kumuuliza akawaambia mali iko tu hapa. Sehemu kubwa ya uraniumu ya ile bomu ya Hiroshima ilitoka ku bulongo yetu, ilichimbwa na watu wetu, na hakuna mutu aliwaambia wanabeba nini. Walikuwa wanabeba ile mawe kwa mukono.

Basi, Olen wamesafisha kale kamuto kalikokuwa na uchafu ya radiumu, wakapima, wakachunga, raia wa Olen wanajua mustari ya hatari iko wapi. Shinkolobwe? Walimimina simenti mu shimo wakaenda. Watu wakarudi kuchimba kobalti na mikono, mwaka ya 2004 Leta ikatoa dekre ya kufunga, kisha mwaka ileile pakaanguka wakafa watu, na njo basi. Mawe yaleyale, kompani ileile, lakini upande moja kuna vipimo na upande ingine kuna msalaba ya mbao. Je, karatasi za wakati ile zinasema nini? Ni watu ngapi walifanya mule ndani? Walipimwa damu? Matokeo yako wapi?

Na karatasi ingine, ramani za jeolojia. Museo ya Tervuren, pembeni ya Brussels, iko na arshivi za jeolojia za Kongo za wakati ya koloni, bulongo yetu yote, shimo kwa shimo, mulima kwa mulima. Mutoto wa Kolwezi akitaka kujua chini ya nyumba ya baba yake kuna nini lazima aombe viza. Na viza nayo munajua.

4. Buku ya watu. Mwezi wa 12 mwaka ya 1941 wafanyakazi wa hapa Lubumbashi waligoma, vita ilikuwa imepandisha bei ya kila kitu na mushahara imelala. Wakakusanyika ku uwanja ya mupira. Léonard Mpoyi njo alikuwa anaongea kwa ajili yao, wakamupiga risasi, askari wakafyatua mu watu. Nikiuliza walikufa wangapi, kila kitabu kinanipa hesabu yake, na wazee wa Kamalondo wananipa ingine kubwa zaidi. Miaka zaidi ya 80! Na ni wafanyakazi wa kompani iliyokuwa inajua kila mutu namba yake, mposho yake, kilo za mutoto wake. Kompani yenye kujua mufuko moja ya bunga ikipotea, haiwezi kujua majina ya watu waliopotea siku moja? Kambo alikuwa pale. Alikuwa na miaka 21. Hakutuelezea kamwe, alikuwa tu hapendi kupita ile njia, akiwa na haraka gani anazunguka.

Tena moshi. Fonderi ya hapa ilianza kutoa moshi 1911. Mwaka ya 2020 watafiti wa Universite ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven na Gent kule kwenu walitoa kazi yao juu ya watoto wanaozaliwa na kilema hapa Lubumbashi, wakakuta baba akiwa anafanya kazi ya mine, hatari inapanda. Waliwauliza wazazi wa leo. Lakini kuna babu wa hao wazazi, na baba wa babu, na wote wako na picha za kifua na vipimo mu masanduku kule kwenu. Munganga yeyote atakuambia hiyo ni mali kuliko kobalti. Inaoza bila kazi.

5. Hii nitaipitia haraka juu inanichekesha na kunikasirisha pamoja. Mwezi wa 6 mwaka ya 2022 Mufalme Philippe alikuja, akaleta barakoa ya Kakuungu ya Wasuku, akaipatia museo ya Kinshasa... kwa kukopesha. Wakopeshaji wa kitu yetu! Mbele kidogo, mwezi wa 2, Brussels ilikuwa imetupatia liste ya vitu 84,000 vya Tervuren, sawa, hiyo ilikuwa mwanzo muzuri. Na alifika mpaka hapa kwetu, akaongea ku universite, nilikuwa nje ku jua pamoja na wanafunzi. Kinshasa alikuwa amesema anajuta. Kisha ya wiki 2 jino ya Lumumba ikapita Shilatembo, fasi waliyomuulia, jino moja, juu mwili mupolisi Mubelgiji aliumaliza ndani ya asidi. Siku ile niliwaza: ikiwa mutu mwenyewe amerudi jino moja, barua yangu ya kuomba picha ya kifua labda ni mapema.

Sasa najua mutasema nini.

Mutasema hamukuwa mumezaliwa. Kweli. Hata ile arche kubwa ya Cinquantenaire ku Brussels hamukuwa mumezaliwa Léopold alipoijenga na franga za Kongo, lakini kivuli yake munatumia. Union Minière nayo ilibadilisha jina 2001 ikawa Umicore, hakuna aliyesema kiwanda irudi mwanzo na masanduku matupu.

Mutasema viongozi wetu walikula. Wamekula, Mheshimiwa, na wanakula, njo juu ya nini wako ku kopi. Gécamines waliikamua mpaka ikakauka, na 2003 watu zaidi ya 10,000 walitolewa ku kazi na franga kidogo mukononi, wengi walikufa mbele ya kuzimaliza, jirani yangu wa kushoto na wa kulia wote wawili. Ile deni tutaidai Kinshasa, ni barua ingine, nitaiandika na mukono ingine. Lakini mwizi wa pili hafuti jina ya mwizi wa kwanza. Na huyo Mobutu miaka mingi alikuwa anapokelewa kwenu kwa mazulia.

Mutasema muende kuwauliza Wachina, wao njo wako na migodi leo. Tutawauliza. Wachina hawana picha ya kifua ya kambo yangu.

Na ile ya mwisho, ile ya kweli, ambayo hamuisemi kwa sauti: mukifungua buku tutawashitaki. Komisio ya parlema yenu juu ya mambo ya koloni ilifanya kazi tangu 2020, wataalamu wakaisaidia, ikafika ku mapendekezo 128, na mwezi wa 12 mwaka ya 2022 ikaanguka juu hamukuweza kupatana ku neno moja, "samahani", muliogopa neno hiyo ingezaa bili. Lakini muangalie wengine. Uingereza 2013 ililipa wazee wa Mau Mau zaidi ya 5,200 pauni milioni 19.9, na haikufilisika. Italia 2008 ilikubaliana na Libya dola bilioni 5. Ujerumani 2021 iliahidi Namibia euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, na pale muchunge, Waherero na Wanama, makabila yaliyouawa na Wajerumani, wengi walikataa juu waliokaa ku meza haikuwa wao, mukuje mukijua hiyo. Na kwenu wenyewe, mwezi wa 12 mwaka ya 2024 korti ya Brussels ilisema Ubelgiji ilifanya jinai dhidi ya ubinadamu kwa wamama 5 machotara walioibiwa kwa mama zao wakiwa watoto wadogo, kila moja euro 50,000. Buku ilifunguliwa kwa wamama 5. Brussels bado imesimama, nimeona ku televizio.

Basi naomba hivi, na sioni hata moja ambayo haiwezekani.

Liste ya dosie zote za wafanyakazi Wakongo wa wakati ya koloni, za Leta na za kompani zilizo mu arshivi zenu, familia iweze kutafuta jina na namba na kupata kopi bila kulipa na bila viza. Muweke na sale hapa Lubumbashi, museo yetu iko, universite iko, mutu asiye na intaneti aingie na viatu vyake vya vumbi aombe.

Dosie za waganga zipewe Fakilte ya Medisini ya hapa, na majina yafichwe fasi inayohitaji kufichwa, wale waliofanya ile kazi ya 2020 wanajua namna.

Ramani na arshivi za jeolojia, kopi nzima kwa Leta ya Kongo na kwa universite zake, mbele ya kampuni yoyote ya Amerika ama ya fasi ingine.

Shinkolobwe ipimwe na ichungwe sawa Olen ilivyopimwa na kuchungwa. Bili tujue kwanza ni ngapi.

Komisio ya wahasibu (si ya politiki, naomba sana), wa nchi zote 2, wapitie 1908 mpaka 1967, watoe hesabu mu Kifaransa, Kiholanzi, Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo. Tukiwa na hiyo mukononi tutaongea franga. Inaweza kutokea hesabu itoke ndogo kuliko vile watu wa hapa wanafikiri, hiyo nayo tutaipokea. Miye nimezoea kuwaonyesha watoto jibu ambayo hawakutaka.

Na wakubwa wa Kinshasa, ninyi nawaomba kitu moja tu: nyumba ya arshivi yenye paa. Juu wakituletea masanduku leo tutayaweka wapi? Niliona fasi moja hapa muji panya wamekula karatasi zote za miaka ya 1970, na mvua imemaliza iliyobaki, na mulinzi ananiuzia makaratasi kwa kilo ya kufungia karanga. Nililia. Nikanunua kilo 3.

Nangoja jibu mpaka tarehe 30 mwezi wa 6, muko na sikukuu yetu ya kuwakumbusha. Jina ya kambo yangu sikuiweka hapa mbele ya watu, pamoja na namba yake ya kazi viko mu barua ya kwanza, ukurasa ya pili, juu mukono ya kuume. Ile mashini yenu ilisema imeipokea. Picha ya mwisho ilipigwa 1964, mama anakumbuka juu siku ile kambo alirudi na shati mukononi, na mama njo anaihitaji sasa.

Kwa heshima,

Mwalimu wa hesabu, mujukuu wa mutu wa fonderi
Katuba, Lubumbashi